Velinda Chavis, Aliyeuliza Kila Mtoto Ni wa Akina Nani

Mchungaji, ndugu, jamaa na majirani wa Pembroke, mimi ni Jerlean, kitinda mimba wa marehemu, kaka yangu Dwain ameshindwa kusoma wasifu huu kwa majonzi, nausoma mimi, mnivumilie.

Mama yetu, Velinda Oxendine Chavis, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 hapa Pembroke, North Carolina, mwaka 1968 wazazi wake wakahamia Baltimore kutafuta kazi, na huko, siku ya kwanza ya shule, mwalimu aliwatazama tu usoni, Mama akamwandika Mzungu, kaka yake wa tumbo moja akamwandika Mweusi, na sisi ni Walumbee, wenyeji wa asili wa hapa Pembroke kabla ya Wazungu, hakuna aliyewauliza.

Walirudi mwaka 1973, akamaliza sekondari mwaka 1979, na tarehe 3 Septemba 1984 akaajiriwa kutunza kumbukumbu za wanafunzi katika ofisi ya elimu, alikodumu miaka thelathini na saba. Kila Agosti ilitoka orodha ya watoto walioandikwa asili hii shule moja na asili nyingine shule ya pili, utaratibu uliruhusu kuchukua asili iliyoandikwa mwisho na kufunga faili, wenzake wakimtania, "Velinda, chagua moja twende tukale, hao mia nne utawamaliza Krismasi?" naye simu sikioni, "Samahani mama, mtoto huyu ni wa akina nani?" Mia nne, jamani, nyumba kwa nyumba, kila mwaka, mpaka leo sielewi aliwezaje.

Alifunga ndoa na baba yetu, Harlan Chavis, tarehe 14 Juni 1986, wakajaliwa Dwain mwaka 1989, mimi mwaka 1999, na mjukuu mmoja, Maylin wangu, anayeanza shule Jumatatu.

Figo zilimsumbua tangu Januari. Kitandani aliniuliza kuhusu fomu ya Maylin, nikakiri nimeipeleka, ila penye asili nimeacha wazi, baba yake ni Mweusi, niliogopa, nikiandika hivi watamcheka, nikiandika vile watambagua, Mama akacheka mpaka akakohoa, "Wee Jerlean, ukiacha wazi, mtu atamtazama tu usoni amjazie, kama nilivyojaziwa mimi. Kwani nani alikulea?" Alifariki tarehe 11 Agosti 2023, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mlioleta mikate ya mahindi na sukuma wiki, na ninyi wenzake wa ofisini mliokuwa mkimtania, ambao jana, fomu ya Maylin ilipowafikia na pengo lake, mlinipigia simu, "Samahani mama, Maylin ni wa akina nani?" nami nikajibu bila kuogopa, ni Mlumbee, ni Mweusi, andikeni yote mawili, ni mjukuu wa Velinda.

Mama, wameuliza. Pumzika kwa amani.