Kadi Tisa Ndani ya Kofia ya Mzee Ismaily

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mzee Ismaily Mshamu Mpili, mhudumu wa ofisi wa Shule ya Sekondari Mtomoni hapa Kibiti, atakabidhi funguo kumi na nne na kengele moja. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na tatu ya kazi. Walimu wakuu wanane wamekuja na kuondoka, yeye yupo. Mwalimu mkuu wa tatu alikuta mtoto wa Mzee Ismaily amezaliwa, wa saba akamfundisha mtoto huyo.

Alianza kazi mwaka 1993, shule ikiwa na madarasa mawili na ofisi ya makuti. Kengele ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mkorosho. Kazi zake ni hizi tunazozijua: kufungua ofisi kabla ya alfajiri kupambazuka vizuri, kupeleka barua posta, kugonga kengele, kupika chai ya walimu, na kila shule inapofungwa, kuwasindikiza wanafunzi wanaotoka visiwa vya delta mpaka mikononi mwa wazazi wao. Hiyo ya mwisho haimo kwenye barua yake ya ajira. Aliianza mwenyewe, kwa kuwa na yeye kwao ni Salale, hukohuko delta.

Mwalimu Yussuf wa taaluma alinipa faili lake ili niandike wasifu huu. Nimelisoma mara mbili. Lina barua za pongezi tano na onyo moja. Lile onyo ni la mwaka 2001, nalo linasema kengele ya mapumziko ilichelewa dakika nne kwa sababu mhudumu alikuwa anasikiliza redio. Ni kweli. Siku hiyo jina lake lilikuwa linasomwa.

Kwa wadogo zetu wa kidato cha kwanza waliozaliwa wakakuta simu, nieleze kidogo. Mzee Ismaily ni mtuma salamu. Zamani ukitaka kumsalimu mtu kwenye redio ulinunua kadi dukani, ukaandika jina lako, majina ya unaowasalimu, ujumbe na wimbo unaoutaka, ukabandika stempu na kuitupa posta. Mtangazaji huenda akaisoma baada ya wiki tatu, huenda asiisome kabisa. Wengi waliacha simu zilipoingia. Mzee Ismaily hakuacha. Redioni anaitwa Kijana wa Mikokoni, na ameitwa hivyo mpaka amefika miaka sitini.

Starehe hii ilimgharimu. Kuna miezi kadi na stempu zilikula sukari ya nyumbani. Mkewe, Bi Mwanaidi, alilalamika miaka sita kwamba bati la jikoni linavuja na baba wa nyumba anawasalimu watu wa Newala asiowajua hata sura. Alipoona maneno hayaingii, alinunua kadi yake mwenyewe, akaituma kimyakimya. Mwezi mmoja baadaye Mzee Ismaily akiwa amekaa na redio yake akasikia mtangazaji anasoma: "Salamu zimwendee mume wangu, Kijana wa Mikokoni, popote alipo Kibiti. Ujumbe: bati la jikoni bado linavuja." Nchi nzima ilisikia. Bati lilinunuliwa wiki hiyohiyo. Bahati nzuri alikuwa anarekodi, na kanda hiyo akaitunza kuliko zote.

Walimu walimtania sana. Walisema angesoma kwa hizo fedha angekuwa karani. Yeye alikuwa anajibu, "Karani anasalimiwa na nani?" Lakini mama yake alipofariki mwaka 2009, watuma salamu wenzake kumi na saba walishuka stendi ya Kibiti wakiwa na mchele na mashuka ya kulalia, wametoka Tunduru, Tanga, Newala na Singida, wanauliza nyumba ya Kijana wa Mikokoni. Muuza machungwa akawajibu, "Vijana hapa wamejaa, mnamtaka yupi?" Ilikuwa mara yao ya kwanza kuonana naye. Walikaa mpaka arobaini ilipokaribia. Baada ya hapo utani ulipungua, ila haukuisha.

Sasa nitaeleza jambo ambalo halimo kwenye faili. Sisi wanafunzi tuliokuwemo tuko tisa.

Desemba iliyopita, shule ilipofungwa, tulipanda boti Nyamisati kwenda Salale. Nahodha alikuwa Shaabani. Mzee Ismaily alikuwa ameanza kuhamisha vitu vyake kidogokidogo kwa ajili ya kustaafu, na safari hiyo alibeba godoro, gunia la mchele, na sanduku la mbao lenye kanda mia moja arobaini. Ni miaka yote aliyosomwa redioni. Talib wa darasa letu, ambaye kila mtu anamjua kwa mdomo wake, alipata cha kutania siku hiyo. "Mzee, humo umeweka dhahabu au maiti?" Mzee akamwambia, "Nimeweka watu. Usilikalie." Talib akasogea, akacheka, akaendelea hivyohivyo mpaka tukaingia kwenye mikoko.

Tuliondoka tumechelewa. Ilikuwa bamvua, siku ambazo maji hupwa sana na kujaa sana, na yalikuwa yanapwa kwa kasi. Kama saa tatu na nusu asubuhi boti iligonga gogo lililokuwa limezama. Hatukusikia kishindo kikubwa. Tulisikia kitu kama mtu amepasua ubao mwembamba, halafu miguu yetu ikawa ndani ya maji. Shaabani aligeuza boti na kuipandisha kwa nguvu juu ya tope la ukingoni, na hapo ikakaa. Maji yakaendelea kupwa na kutuacha juu kama sahani mezani. Simu yake ilikuwa imelowa na imezima, na nyingine hatukuwa nayo.

Mwanzoni tulifurahi kwamba hatuzami. Kisha Shaabani akainama, akatazama chini ya boti, akarudi uso umebadilika. Akamwambia Mzee kwa sauti ya chini, lakini boti ni ndogo na sote tulisikia: "Hapa tuko salama kwa sababu hakuna maji. Yakirudi, tundu hili linaingia mkono."

Kushuka haikuwezekana. Ridhiwani alijaribu, tope likammeza mpaka mapajani, tukamvuta watu wanne. Upande wa pili wa mkondo mamba wawili walikuwa wamelala juani. Maji yangerudi saa saba au saa nane. Kulikuwa na saa nne za kukaa na kuyangoja.

Shaabani alianza kuziba. Warda alitoa kanga yake ikachanwa vipande, na sisi tukatoa vipande vya sabuni ya mche vilivyobaki bwenini, akavikanda kwa vidole na kusokomeza. Kazi hiyo ni ya mtu mmoja, tundu halichukui mikono miwili. Tuliobaki tulikuwa hatuna la kufanya isipokuwa kuutazama mkondo. Warda alianza kulia. Kilio kile kilikuwa kinaambukiza, nikaona hata utani wa Talib umekwisha.

Hapo ndipo Mzee Ismaily alipovua kofia yake, akatoa ndani yake kadi za salamu na kalamu. Akamgawia kila mmoja kadi yake. Alisema, "Jina lako hapa, unaowasalimu hapa, ujumbe hapo chini. Mwandiko mzuri, mtangazaji havai miwani."

Warda aliandika haraka, akarudisha. Mzee akasoma, akaichana. Alikuwa ameandika: Mama, nisamehe kwa yote. Mzee akampa nyingine. Akasema maneno ambayo nimeyakumbuka kila siku tangu hapo: "Kadi inakwenda wiki tatu njiani. Ikisomwa utakuwa nyumbani, umekaa na mama yako mnachambua mchicha. Sasa redio iseme unaomba msamaha, mama akuelewe vipi? Andika umefika. Andikeni wote mmefika."

Tukiwa tumekaa juu ya tope, boti ina tundu, tuliandika kwamba tumefika. Haikuwa rahisi.  Mimi niliandika jina la baba nikaishiwa maneno, nikaona haya kuuliza. Mzee akaniona, akaniambia niache nafasi, mtangazaji atavuta pumzi hapo. Talib ndiye aliyechukua muda mrefu kuliko wote. Alimsalimu mama yake, Bi Kuruthumu, na akaandika: "Nimefika salama. Zile karanga ulizonipa nimpelekee babu mwezi wa tisa nilizila mimi." Mzee alipoisoma alicheka mpaka akakohoa, Shaabani naye akacheka akiwa amelala chini mkono uko tunduni, na kwa muda mfupi tulisahau kutazama mkondo.

Saa saba na robo maji yaligusa boti. Yalikuja bila kelele, yakapanda tope, yakazunguka mizizi. Shaabani akasimama. "Tundu nimelipunguza, sijaliua. Boti ikiwa nyepesi itatufikisha. Mzigo ushuke. Msiniulize upi."

Tukaanza. Matranka yetu ya bati yalikwenda, na madaftari ndani yake. Mifuko miwili ya saruji ya mteja wa Shaabani ikaenda. Mzee akasukuma godoro, kisha gunia la mchele. Kisha akakaa juu ya lile sanduku.

Nataka kuandika ukweli hapa, kwa sababu najua yeye mwenyewe angependa uandikwe. Alikaa. Maji yalikuwa yanaingia, tunachota kwa ndoo na sahani za shule tunatupa nje, naye amekaa ameshika kingo za sanduku kwa mikono miwili. Shaabani akasema, "Mzee Ismaily." Akazidi kulishika. Talib, aliyelitania sanduku lile asubuhi nzima, aliweka ndoo chini akasema, "Mzee, basi nitoe viatu vyangu na begi, liache hilo." Viatu na begi havikuwa na uzito wowote, wote tulijua.

Mzee akamtazama Talib. Akasimama, akalikumbatia sanduku lake, akaliinua peke yake ingawa lilikuwa zito, akaliachia majini. Lilielea kidogo, kisha likazama upande mmoja kwanza. Akavaa kofia yake, kadi tisa zikiwa ndani, akachukua sahani akaanza kuchota maji. Alichota hivyo mpaka Salale.

Tulichukua dakika arobaini hivi. Injini ilizima mara mbili. Maji yalifika vifundoni, yakafika nusu ya miguu, yakabaki hapo, na mikono yetu ilikuwa haifunguki tulipoona watu gatini. Mama mmoja aliingia majini na nguo zake zote.

Siku ya pili tulikwenda nyumbani kwa Mzee kumsalimu. Talib alimwuliza kama anaumia kwa kanda zake. Tulidhani atatuambia hapana, kama watu wazima wanavyotuambia. Akasema, "Naumia sana. Ile ya bati ndiyo inayonirudia. Miaka yote nilikuwa nikigombana na mama yenu naisikiliza, hasira inakwisha." Bi Mwanaidi alikuwa anaosha vyombo karibu. Alisimama akaingia ndani.

Kadi zilipelekwa posta na zikasomwa Jumapili moja ya Januari, zote tisa, moja baada ya nyingine. Bi Kuruthumu alikuwa anachambua mchele, siyo mchicha. Aliposikia habari za karanga alikwenda kumtafuta Talib na mwiko, akamkuta, akamkumbatia na mwiko mkononi.

Mimi nimelelewa na watu wanaouliza kila kitu kina faida gani, na nimejiuliza sana juu ya salamu za Mzee Ismaily. Hazikuziba tundu. Kilichoziba ni sabuni na kanga na vidole vya Shaabani. Lakini kwa saa nne tulikuwa na kazi ya kuandika, na aliyetupa kazi ile ni mtu ambaye kwa miaka thelathini alikuwa amezoea kusema na watu asiowaona, akiamini kwamba watamsikia baadaye. Uzoefu ule haununuliwi siku moja. Aliununua kadi kwa kadi, na wakati mwingine kwa sukari ya nyumbani.

Mzee wetu, siku ya kukuaga wasifu huu ukisomwa mpaka hapa, Talib atasimama kukuletea zawadi kutoka kwetu. Ni kanda moja tu. Upande wa kwanza ni zile salamu tisa, dada yake Talib alizirekodi kwa simu na fundi wa redio hapa sokoni akatuhamishia. Upande wa pili ni mfupi. Tulimfuata Bi Mwanaidi mara tatu kabla hajakubali. Amerudia salamu yake ya zamani kwa sauti yake mwenyewe, ila ametuambia hawezi kusema uongo mbele ya wanafunzi, kwa hiyo amebadilisha kidogo: bati lile halivuji tena, linavuja la pili yake.

Asante kwa kengele, kwa chai, kwa barua zetu zote ulizozifikisha posta. Walimu wamenikumbusha nimalizie kwa kukutakia maisha mema, nami nakutakia kwa moyo wote, ila tumeona tukuandikie kwa namna unayoijua.

Salamu hizi zimwendee Kijana wa Mikokoni, popote alipo Salale, akiwa na Bi Mwanaidi, watoto na wajukuu. Zimfikie pia Shaabani, nahodha. Watumaji ni sisi tisa. Wimbo achague mwenyewe.

Ujumbe: Tumefika.

Salwa Habibu, Kidato cha Tatu