Saa Arobaini za Kuwa Kivuli

Benchi la Waongo, ndivyo linavyoitwa na hakuna anayekasirika, limeegemea ukuta wa duka la pembejeo pale Prosek, Nebraska, chini ya ghala la nafaka linaloonekana maili kumi kabla ya kuuona mji wenyewe. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi matrekta hayaingii shambani, na wenye matrekta huingia kahawani. Nyuma ya mlango wa duka kuna ubao wa misumari. Kila msumari una kikombe chake, na kila kikombe kina jina lililoandikwa kwa rangi ya kucha ya mke wa mtu. Jumatatu ile ya Mei mvua ilikuwa imenyesha. Meya alikuwepo, ambaye hajawahi kuwa meya ila ameshindwa uchaguzi mara tatu. Kimbunga alikuwepo, ambaye upepo ulimng'olea paa la banda mwaka wa themanini na nne, na katika mazungumzo yake paa hilo halijatua mpaka leo. Padri alikuwepo, aliyekaa seminari miezi sita akatoka na methali tu. Kikombe cha Jembe kilikuwa msumarini. Walikuwa wamemzika Jumamosi, na tangu wakae asubuhi hiyo hakuna aliyelitaja jina lake. Kwa hiyo walikuwa wakimjadili Tessa.

Tessa Kucera, mjukuu wa Meya, alikuwa amekaa mwisho wa benchi juu ya ndoo iliyofunikwa kifudifudi, karatasi iliyokunjwa mara nne ikiwa gotini. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na tangu akiwa na tisa alikuwa akisema atakuwa daktari.

— Hebu rudia, alisema Kimbunga. Wanataka umfuate daktari saa arobaini?

— Saa arobaini. Bila hizo, chuo cha udaktari hata ombi langu hawalifungui.

— Kumfuata tu?

— Kama kivuli. Ndivyo tunavyoitwa. Anakoingia naingia, anakotoka natoka.

— Na unafanya nini?

— Nasimama.

— Halafu?

— Naendelea kusimama.

— Ng'ombe wangu wameifanya kazi hiyo miaka thelathini, alisema Kimbunga. Sijaona aliyepewa shahada.

Wazee wakacheka. Tessa naye alicheka, lakini kicheko chake kilichelewa, kama mtu aliyefika mazishini wengine wakiwa wanatoka.

— Zimebaki saa mbili, alisema Meya, akimmiminia mjukuu wake kahawa. Leo hakuna vipindi, unaanza saa tatu. Daktari aitie sahihi karatasi hiyo, mambo yaishe.

— Siendi, Babu.

— Huendi wapi?

— Zahanati. Siendi leo, na ombi silipeleki.

Prosek haikuwa na daktari wake yeyote aliyezaliwa hapo. Ilikuwa na wachezaji wawili wa mpira wa chuo, na mwanamke mmoja aliyewahi kusoma taarifa ya hali ya hewa kwenye televisheni. Tessa ndiye waliyekuwa wakimsubiri.

— Kisa nini? aliuliza Meya.

— Sivyo nilivyodhani. Dokta Hadley anaangalia kioo cha kompyuta. Mgonjwa anaongea na kisogo. Dakika saba, mkono uko kwenye kitasa. Si mtu mbaya, Babu. Siku nzima anaona watu ishirini na sita, anakula biskuti amesimama. Lakini mimi wiki tano nimekaa ukutani, na sijaona hata mara moja amemshika mtu.

— Ah! Hilo mimi ninalo jibu lake, alisema Meya, akikaa vizuri kama anayepanda jukwaani. Dakika saba hazikutoka Prosek. Zimetoka Omaha. Kuna mtu huko ofisini na saa yake. Ningechaguliwa mimi, dakika zingekuwa kumi na tano.

— Ungechaguliwa wewe, zote kumi na tano ungeongea mwenyewe, alisema Kimbunga. Nyie hamjaelewa. Daktari ni ile kompyuta. Yule mwanamume ni dereva wake tu.

— Acha wewe, alisema Meya.

— Nisikilize! Kwa nini haipi kisogo? Kwa sababu bosi hapewi kisogo. Kila ukikohoa, inaandika. Ukisema goti linauma, inaandika. Ikishakusanya vikohozi vya wilaya nzima, inajitengenezea mgonjwa wake huko ndani. Inamtibu huyo. Anapona! Sisi huku nje tunaoza, na mahesabu yao yako safi.

— Kimbunga, mkeo anajua umeanza hivi?

— Yeye ndiye aliyenieleza.

Padri alikuwa akitafuna mkate wa plamu wa kutoka kanisani. Walikuwa wameoka mingi kwa ajili ya Jumamosi, na ikabaki. Alifuta vidole.

— Kosa ni la Tessa, alisema. Binti, ulikuwa unaingia saa ngapi?

— Saa sita, baada ya vipindi.

— Umeona? Saa sita mchana kivuli hakuna! Jua liko utosini. Ungekwenda asubuhi, ukawa mrefu, ukaonekana. Wahenga walisema, mgonjwa haulizwi uji.

— Hiyo inaingiaje hapo? aliuliza Meya.

— Inaingia. Wewe iache tu, itaingia yenyewe.

Safari hii Tessa alicheka kweli, kisha akaona haya kwa kucheka.

— Hebu tupe moja basi, alisema Kimbunga, akimsogelea. Ni nani na nani uliowaona humo? Mke wangu Bernice anasema yule wa posta ana kitu cha ngozi.

— Nimetia sahihi, Mzee Kimbunga. Siruhusiwi kusema hata jina.

— Hapa Prosek? Hapa ukipiga chafya benki, posta wanakuombea afya!

— Hata hivyo.

— Sawa, siri. Lakini mimi sina siri kwa daktari, mke wangu hajaniachia hata moja. Tunaingia wote. Ananiuliza, vipi, nasema si haba. Bernice anasema, mwongo huyu, daktari, hajalala tangu Pasaka. Hapo ndipo matibabu yanapoanza. Mimi kazi yangu ni kuvua shati.

— Ndivyo ilivyo kwa wote, alisema Padri.

Ndivyo ilivyokuwa kweli. Prosek ni mji wa si haba. Mvua ya mawe ikiyalaza mahindi, si haba. Mguu ukinaswa na mashine, si haba, wa pili upo. Wanaume wa pale hawakufundishwa neno jingine, na wanawake wao walijifunza mengine yote kwa niaba yao.

— Mimi sijakanyaga zahanati tangu mke wangu Dolores afariki, alisema Meya taratibu. Miaka minne. Niende nikafanye nini? Atakayesema ni nani?

Meya akalitikisa birika, likatoa sauti ya chini, sauti ya mabaki.

— Hii ndiyo ya mwisho, alisema.

Kila mmoja aliangalia mlango wa duka, na hakuna aliyenyanyuka. Birika la kwanza hupikwa na mwenye duka. La pili lilikuwa la Jembe. Miaka yote hiyo, likifika hapo, alisimama bila kuambiwa.

Padri aliona kimya kinamkaribia, akakirushia alichokuwa nacho.

— Mimi nasema daktari anajua mengi, ila anatunyima, alisema haraka. Anaficha ujuzi wake humo kompyutani. Na wahenga walishasema, mficha maradhi, kifo humuumbua.

Ikatoka, na haikurudi. Kimbunga aliangalia viatu vyake. Meya alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. Padri alibaki na mkate mkononi, mdomo wazi, mtu aliyerusha methali hovyo maisha yake yote na leo moja imempata mtu.

Tessa aliikunja karatasi mara ya tano.

Ilikuwa Jumanne iliyopita, chumba namba tatu. Muuguzi aliuliza kama mzee ana neno kivuli akiwepo. Emil Sedlak, ambaye benchini ni Jembe, alimtazama Tessa, akamkonyeza. «Abaki,» alisema. «Huyu wetu.» Yeye ndiye aliyemwombea nafasi ile. Mwezi Machi alikwenda kwa Dokta Hadley, kofia mkononi, yeye ambaye hakuwahi kuomba hata kuazima ngazi.

Jumanne hiyo alikuja kuongezewa vidonge vya presha. Daktari aliingia, akafungua kompyuta, akauliza macho yakiwa kwenye kioo:

— Vipi, Emil? Kuna linalokusumbua?

— Si haba, daktari.

Na Tessa alijua. Wiki mbili alikuwa amemwona benchini akinyanyua kikombe kwa mikono miwili. Alikuwa amemwona akisugua bega la kushoto, kisha taya. Duka lina ngazi tatu, na Jembe alikuwa akisimama kwenye ya pili, akiangalia juu kama anayesoma mawingu, siku ambazo mawingu hayakuwepo. Hayo Tessa alikuwa ameyasoma vitabuni, dalili za moyo, akazipigia mistari ya rangi ya njano.

Jembe aligeuza uso akamtazama. Hakumtazama daktari, alimtazama yeye, akakaa akimtazama. Tessa alidhani anajivunia kumwona pale. Alifungua kinywa. Kwenye karatasi aliyotia sahihi, kanuni ya kwanza ilisema kivuli hasemi mbele ya mgonjwa. Akakifunga.

— Vizuri sana, alisema daktari, mkono kwenye kitasa. Tuonane Novemba.

Alhamisi walimkuta juu ya trekta, injini ikiunguruma, mstari wa mbegu umenyooka mpaka kwenye uzio.

— Nenda, binti yangu, alisema Meya, akiyarudisha mawazo yake benchini. Kama ni pabaya, ndiyo sababu uende. Ukiwa daktari wewe, utawashika watu.

— Na nisipowashika, Babu?

— Kwa nini usiwashike?

Alitaka kumwambia. Alitaka kumweleza kwamba alikuwa tayari amepewa mmoja wa kumshika, chumba namba tatu, hatua mbili tu kutoka ukutani. Lakini alikuwa ametia sahihi, na mbali na sahihi alikuwa na woga, na kwa muda hakujua kati ya hivyo viwili ni kipi kimemziba kinywa.

Pikapu ya kijani iliingia uwanjani polepole. Waliijua. Walisimama wote kabla haijazima, wakavua kofia. Mbwa alibaki kwenye kiti cha mbele. Vlasta Sedlak alishuka, gauni la kanisani limefunikwa na koti la shamba la mumewe.

— Kaeni, kaeni, alisema. Nimefuata kikombe tu.

— Vipi, Vlasta? aliuliza Meya.

— Si haba.

Padri aliingia ndani, akakitoa msumarini, akakifuta kwa ncha ya shati ingawa kilikuwa safi. Vlasta alikipokea kwa mikono miwili. Kisha akamwona Tessa pale kwenye ndoo, na uso wake ukalegea.

— Tessa, mwanangu! Nilikutafuta Jumamosi, ukanipotea.

— Nilikaa nyuma, Mama Vlasta. Pole sana.

— Nilitaka kukushukuru.

— Mimi?

— Kwa ile Jumanne.

Meya alimgeukia mjukuu wake. Kimbunga aliweka kikombe chini.

— Miaka hamsini na moja ni mimi niliyeingia naye kwa daktari, alisema Vlasta. Mnawajua wenyewe walivyo, nyinyi wanaume. Safari hii akaniambia nibaki garini na mbwa. Nikamwambia, Emil, habari ya mkono ataisema nani? Umeahidi daktari ataambiwa! Akaniambia, Tessa yumo. Akasema, yule ameshaniona benchini, macho yake hayapitwi. Mimi nitasema si haba, naye atasema la kweli. Ndiye daktari wetu yule, acha aanze na mimi.

Alitabasamu kidogo alipokuwa akilitoa hilo la mwisho, kama anayemwona mumewe akilisema.

— Aliporudi garini hakusema kitu. Akawasha, tukaenda. Nami sikumwuliza, maana nilijua mmeshamaliza huko ndani. Usiku ndiyo nalala nawaza. Sitafuti ubaya na mtu, mwanangu. Nataka kujua tu, ili nilale.

Juu ya ghala njiwa walipaa wakazunguka wakatua palepale. Ilikuwa saa tatu kasoro dakika chache. Meya alikuwa akimtazama Tessa.

— Niambie basi, alisema Vlasta, bila ukali wowote. Ulipomwambia habari ya mkono, daktari alijibu nini?

Tessa alifungua kinywa, kama alivyokifungua siku ile kando ya ukuta.

Vlasta alikuwa na muda. Alikaa kwenye benchi, nafasi ya Jembe, kikombe mapajani, akasubiri.