Maandishi ya Abdulkadiri

Kijiwe chetu kiko nje ya mlango wa Ubeid, muuza mapazia, kwenye kichochoro kinachotokea Mtaa wa Msimbazi. Ni benchi moja la mbao na birika la kahawa la Kasmir juu ya jiko la mkaa, basi. Ijumaa hiyo baada ya alasiri hapakuwa na mtu aliyekaa akatulia. Mikokoteni ilikuwa inapita inatugusa magoti, umeme ulishakatika mara mbili, na Ubeid alikuwa ameitoa kompyuta yake ya mezani mpaka mlangoni, ameiweka juu ya stuli, waya umevutwa kutoka ndani, ili tumsaidie. Hatua mbili kutoka kwenye kioo cha kompyuta, kwenye kiti, alikaa mama yake, Bi Rasha. Alikuwa hapo tangu saa nne asubuhi, amevaa kama mtu anayekwenda kupokea mgeni.

Bi Rasha hasikii. Homa ya uti wa mgongo ilimchukulia masikio miaka mitatu iliyopita. Anaongea kama kawaida, ila kwa sauti kubwa, na ukitaka kumjibu unamwandikia kwenye daftari lake. Usiku wa kuamkia siku hiyo ilikuja video kutoka Muscat, ya mdogo wake, Abdulkadiri, ambaye hawajasemeshana miaka tisa. Aliyeituma ni Ghada, mjukuu wa Abdulkadiri. Ameandika kwamba maneno yote ya babu ameyaweka chini ya picha, kwa Kiswahili, ili Bi Rasha asome. Mwisho akaongeza: mwonyesheni leo, tafadhali.

Video ilikuwepo. Maandishi hayakuwepo.

— Na inakwama palepale, alisema Ubeid. Dakika moja ikifika, mdomo unaganda, sauti inaendelea, halafu na sauti inakata.

— Hiyo nimeshaijua, alisema Taimur. Taimur anatengeneza simu kwenye kibanda cha jirani, sisi tunamwita Injinia, na yeye hakatai. — Kompyuta yako haielewi video za siku hizi. Ni ya zamani. Video inaongea, yenyewe inashangaa.

— Mpigie huyo binti, nikamwambia Ubeid.

— Tangu asubuhi napiga. Inaita, hapokei.

Marcelino aliinama akachungulia chini ya kioo. Yeye ni mpagazi, anabeba magunia pale sokoni, na kwa kifua kile tunamwita Tani.

— Maandishi yapo, alisema. Kioo ndiyo kifupi. Yamepita chini huku.

— Yamepita yameenda wapi, Tani?

— Chini. Iinue kidogo.

Tukaiinua. Watu wazima wanne tumeshika kioo tunakilaza kama tunamwaga maji. Bi Rasha akatutazama.

— Mnafanya nini? aliuliza.

Ubeid akachukua daftari akaandika: Subiri kidogo, mama. Niliona ukurasa wote umejaa hayo hayo, subiri kidogo, subiri kidogo, kwa mwandiko unaozidi kuharibika.

— Nyie hamjui, alisema Kasmir huku anamimina kahawa. Kule wanaandika kutoka kulia. Sasa maandishi yanatokea upande wa nyuma. Wekeni kioo cha kujitazamia tuone.

— Si ameandika Kiswahili?

— Kiswahili, lakini kwa mashine ya kule.

— Mashine haina kwao, Kasmir.

— Kila kitu kina kwao.

Taimur hakuwasikiliza. Alichomoa flashi yenye video, akaichomeka tena, akakuna kichwa.

— Ubeid, hii video unaichezea humu humu kwenye flashi?

— Ndiyo. Kwani vipi?

— Flashi yenyewe imechoka. Ndiyo maana inakwama. Tuihamishie ndani ya kompyuta kwanza. Na hivi vyote ulivyofungua, funga.

Hapo alisema la maana, maana video iliponakiliwa ndani iliacha kukwama. Ikaenda dakika moja, mbili, mpaka ya tatu. Mzee mwembamba, kanzu nyeupe, amekaa kitandani, anaongea polepole. Sisi sote macho chini ya kifua chake, tunasubiri herufi.

Hazikuja.

— Weka programu nyingine, alisema Marcelino.

Ikawekwa programu nyingine. Video ikachezwa tena mpaka mwisho. Taimur akafungua sehemu ya maandishi, akakuta pamezimwa na hapabonyezeki. Tukarudia mara ya tatu. Mara ya nne umeme ukakatika katikati, tukasimama tunautukana mpaka uliporudi, kompyuta ikachukua muda wake kuwaka.

— Mimi naona hivi, alisema Marcelino, sasa anaongea kwa pumzi fupi kama amebeba mzigo. Mtandao unapita kwenye waya chini ya bahari, si ndiyo? Picha kubwa, inapita. Sauti haina uzito, inapita. Herufi ni vitu vidogovidogo vyenye ncha. Vinanasa njiani.

— Kwa hiyo tuzamie?

— Mimi sijasema tuzamie.

— Wamezizuia, alisema Kasmir. Kuna watu kazi yao kusoma barua za wenzao. Wakimaliza kusoma wanabaki nazo.

— Barua ya mzee na dada yake? Waifanyie nini?

— Wewe unajua kilichomo?

Siku mbili baadaye ndiyo tulikuja kufahamu kwamba Ghada alituma mafaili mawili: kubwa la video, na lingine dogo la maandishi, la kuwekwa pamoja na lile kubwa. Ubeid alipoona video inakwama alidhani kompyuta imejaa, akaanza kufuta takataka. Lile dogo akaliona halina picha wala sauti, akalifuta la kwanza. Lakini siku ile hakuna aliyewaza kumuuliza amefuta nini.

Tulikuwa mara ya sita alipofika Siti. Ni mwalimu wa shule ya msingi kule Ilala, alifuata mapazia yake. Akawasalimu wakubwa, shikamoo zikaitikiwa bila mtu kugeuka. Akaenda kumsalimia Bi Rasha kwa mkono. Halafu akasimama nyuma yetu, akaangalia kidogo.

— Kuna nini?

— Video haitoi maandishi, alisema Ubeid. Mama hasikii, inabidi asome.

— Huyo mzee ni nani?

— Mjomba wangu.

— Anasema nini?

Ubeid akafungua mdomo. Akamwangalia Taimur. Taimur akaniangalia mimi. Nilikumbuka kwamba alianza na salamu, na kwamba mahali fulani alikohoa. Tulikuwa tumemsikia mara sita, na hakuna hata mmoja aliyemsikiliza.

Kasmir alishusha birika.

— Irudishe mwanzo, alisema Ubeid.

Siti akamsogezea daftari na kalamu. Mara hii hakuna aliyeangalia chini ya picha. Mkokoteni ulikuja na kelele zake, Marcelino akaenda kuusimamisha kwa mkono, na mwenye mkokoteni akakubali kusubiri.

Abdulkadiri alisema: Rasha, dada yangu. Nimeambiwa masikio yamekuacha, ndiyo maana Ghada ataandika. Mama alipofariki nilikwambia nimekosa tiketi. Sikukosa. Tiketi ilikuwa mkononi. Niliogopa kumwona amelala, nikarudi kutoka uwanja wa ndege. Ukajua, ukakata simu, hukupokea tena. Ulikuwa na haki.

Ubeid anaandika, Taimur anasimamisha, anaendeleza. Kisha mzee akakohoa, akasema: kesho asubuhi wananifungua kifua. Daktari hakunificha, amesema huenda nikaamka, huenda nisiamke. Nilitaka ujue kabla.

Kalamu ya Ubeid ilisimama. Nilimwona anatazama mstari wa mwisho alioandika, ule wa haki. Akaweka nukta, akafunika kalamu. Sisi tukaona, tukanyamaza. Akampa mama yake daftari.

Bi Rasha alisoma kidole kikifuata mstari. Alisoma mara mbili. Kisha akamwonyesha Taimur kioo, video ichezwe tangu mwanzo, na yeye akawa anasoma huku anautazama mdomo wa mdogo wake. Alipofika kwenye nukta, mdomo ulikuwa bado unaongea. Akasogea, akakiwekea kidole kile kioo.

— Hapa bado anasema, alisema kwa sauti yake kubwa. Huku yameisha, yeye anasema. Ubeid, ndiyo yote?

Hakuna aliyemtazama usoni. Akafungua ukurasa mweupe, akaweka daftari kwenye goti la mwanawe. Ubeid akaandika. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, lakini aliandika kama anayesimamiwa na mwalimu.

Bi Rasha akasoma. Akajifunga vizuri ushungi wake.

— Hii video ilikuja jana, alisema. Kesho anayoisema ni leo asubuhi?

Ubeid alikuwa ameshika simu, ameipiga tena namba ya Ghada, na kwa vile kichochoro kilikuwa kimya tulisikia wote jinsi inavyoita mpaka inakata.

— Nipigeni video na mimi, alisema Bi Rasha. Akiamka aikute.

Taimur akafuta kioo cha simu yake kwa shati, akapiga magoti mbele ya kiti. Akamwonyesha kwa kichwa kwamba tayari.

— Abdulkadiri, alisema Bi Rasha. Mama alikuulizia mara mbili siku yake ya mwisho. Hakukulaumu. Niliyekulaumu ni mimi, na sasa nimeacha. Usife na jambo hilo. Hilo lilishakwisha.

Halafu akasema basi. Taimur akaituma kwa Ghada. Tukasogea tukaizunguka ile simu, hata mwenye mkokoteni.

— Imefika? aliuliza Bi Rasha.

Alikuwa anamtazama kila mmoja mdomoni, anasubiri nani ataufungua.