Fundi Cherehani na Albamu ya Filimbi

Weka mkono kifuani uape hutamwambia mtu. Umeapa? Haya, sogea. Mimi nami niliapa, tena mbele ya fundi cherehani mwenyewe, lakini kile kilikuwa kiapo cha Jumatatu na leo ni Alhamisi. Unalijua benchi letu, lile la nje ya duka lake. Tangu Asali, mwimbaji wetu wa rumba, atupe magitaa na kutoa albamu nzima ya filimbi na ngoma, fundi kaweka sheria: atakayekutwa anaisikiliza, hana nafasi kwenye benchi. Na kona ya ukutani, yenye mto, ni ya fundi. Kaikalia miaka ishirini.

Leo asubuhi Wembe, kinyozi wetu, ndiye aliyeanza.

— Mwenye kosa ni anayemnyoa. Alipokuwa na nywele ndefu, rumba. Akapunguza, akaanza kufokafoka. Sasa kipara, filimbi! Wangeniletea mimi kile kichwa…

— Ungekikata masikio, akasema muuza kahawa. Nyie hamjui. Wako watatu. Mapacha! Yule wa rumba wamemfungia chumbani.

— Na mama yao yuko wapi?

— Naye wamemfungia!

— Sasa huyu wa filimbi ni yupi?

— Kitinda mimba. Husikii anavyodeka?

Fundi akajipiga goti.

— Mtu katuchezesha harusi zetu zote, leo anatupulizia filimbi kama refa! Mimi sijamsikiliza na sitamsikiliza. Na nyie mkithubutu, benchi mtaliona kwa mbali.

Ulimi ukaniwasha, mwanangu, we acha tu.

— Fundi, gauni langu vipi?

— Bado upindo, bibi.

— Kamalizie basi. Nakusubiri hapa hapa.

Akanikata jicho. Maana Jumatatu nilimfuma, ndipo akaniapisha: tangu albamu itoke, mguu wake haukanyagi cherehani bila ule wimbo wa tatu. Akiuzima tu, uzi unakatika. Akaingia ndani, akashusha pazia.

Punde cherehani ikaanza: ta, ta, tatata. Ta, ta, tatata.

Kikombe cha Wembe kikasimama hewani.

— Mdundo huo naujua!

— Umeujulia wapi? akauliza muuza kahawa.

— Kwa jirani. Na wewe mbona unatikisa kichwa?

— Jirani huyo huyo.

Cherehani ikanyamaza; nyuma ya pazia ikabaki filimbi ya ule wimbo, chini chini. Nikainuka na magoti yangu haya mabovu, nikavuta pazia.

Fundi alikuwa kafumba macho, kalikumbatia lile sanamu la kupimia nguo, limevaa gauni langu, anazunguka nalo chumba kizima. Alipofumbua, akatukuta wote watatu mlangoni.

— Fundi, akasema Wembe, hilo gauni unalipima au unaliposa?

Fundi akaliachia sanamu, akajifanya anapima upindo. Tulipogeuka, muuza kahawa hayupo. Alikuwa kwenye kona ya ukutani, kaukalia mto, mguu wake ukigonga chini: ta, ta, tatata.