Bakoly Yuko Mlangoni

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Anayepika apunguze moto. Leo tunamkumbuka Bakoly Razanadrasoa, mfumaji wa hariri wa Ambatolandy. Bakoly alifariki Jumapili. Na sasa hivi ninavyosema nanyi, mwili wake uko nje ya kaburi la ukoo. Haujaingia. Ndugu zake wamesimama hapo, redio wameiweka juu ya jiwe, wanasikiliza kipindi hiki. Nitawaeleza kwa nini.

Bakoly alikulia kando ya msitu wa miti ya tapia, wanakoishi viwavi wetu wa hariri wa mwitu. Mama yake alimfundisha kuchemsha vifuko vyao kwa maji ya majivu, kusokota uzi na kufuma sanda. Wadudu wa ndani walikaangwa, wakaliwa na wali. Fenosoa, binti wa kaka yake, anacheka akikumbuka: "Shangazi alikuwa mchoyo wa wadudu tu. Vingine vyote aligawa."

Hariri hiyo, kwetu, ni ya wafu. Bakoly akaona isiishie hapo. Akaanza kufuma vitambaa vipana, vingine vina matundu makubwa, vingine nyuzi zake zinaning'inia kama matawi yaliyoungua. Akavitundika ukutani, kwenye ukumbi wa maonyesho Antananarivo. Nilimwuliza hapa studioni, mama, huogopi? Akanijibu: "Hii ni kazi ya mikono ya mama yangu. Kwa nini ionwe na maiti tu?"

Kaka yake, mzee Randriamihaja, ndiye mkubwa wa kaburi lao. Alifika ukumbini na kofia mkononi. Akazunguka. Akasimama katikati ya watu.

"Nani amefiwa humu?"

"Hakuna, kaka. Ni maonyesho."

"Basi mbona umeanika sanda kama nguo za kufua? Wewe Bakoly, umewavua wazee wetu mbele za watu! Kaburini kwa baba hutaingia. Nimesema."

Wasikilizaji wapendwa, mnajua uzito wa neno hilo. Mtu asiye na kaburi la ukoo ni nani? Bakoly alibaki ukumbini mpaka wageni wote wakaondoka, kisha akalia. Mlinzi wa mlango ndiye aliyempa kiti.

Ukafika mwaka wa ukoo wao kuwatoa wafu kaburini na kuwavisha sanda mpya. Mwaka huo moto ulikuwa umekula tapia. Vifuko havikupatikana. Mzee Randriamihaja akanunua sanda za nailoni sokoni, maana afanyeje? Asubuhi ya siku yenyewe ikaingia gari. Bakoly akashuka na mafurushi. Alikuwa ameshusha kazi zake zote ukutani, wiki ileile ya maonyesho mengine makubwa. Waliokwenda kuyatazama walikuta misumari.

Fenosoa anasema: "Baba alizipapasa zile hariri kwa muda mrefu. Nailoni akaisukuma pembeni kwa mguu. Babu na bibi wakavishwa kazi za shangazi, na matundu yake. Baba akamwambia, 'Umeleta hariri, lakini hujaomba radhi.' Shangazi naye akasema, 'Nimwombe nani? Waliovaa hawajalalamika.'"

Watu walicheka. Mzee hakucheka, na neno lake hakuliondoa. Nami nasema wazi: walikuwa wakaidi wote wawili. Kila Pasaka Bakoly alimpelekea kaka yake kuku, na kila Pasaka kaka alimla yule kuku akanyamaza.

Mwaka jana kiharusi kikamwangusha mzee. Ulimi ukafungwa. Jumapili, Bakoly naye akaondoka.

Sasa sikilizeni vizuri. Kwetu, mkubwa akimfungia mtu kaburi kwa kinywa chake, hakuna mwingine wa kumfungulia. Ni kinywa kilekile, na wafu wasikie. Fenosoa alimwuliza baba yake kitandani kama shangazi aingie, mzee akatikisa kichwa kukubali, machozi yakamtoka. Lakini wazee wa Ambatolandy wakakataa. Walisema kutikisa kichwa si neno. Mzee mwenyewe amelazwa hapa mjini, hawezi kusafiri hadi kaburini.

Jana Fenosoa alimleta hapa studioni kwa kiti cha magurudumu. Tulimwekea kipaza sauti, tukaanza kurekodi. Chai ikapoa, tukaipasha, ikapoa tena. Alijaribu, akapiga goti lake kwa ngumi, akajaribu tena. Fundi wetu wa mitambo alitoka nje, hakuweza kutazama.

Kwa familia yote, kwa mzee wetu, kwa Fenosoa, na kwa wanawake wa Ambatolandy waliomfumia Bakoly sanda, kila mmoja kipande chake: poleni sana. Msiba huu ni wetu pia.

Nawe unayenisikiliza, watu husema maji yakimwagika hayazoleki. Huenda. Lakini kama kuna mtu uliyemfungia mlango kwa maneno, na ulimi wako ungali mzima, unangoja nini?

Fenosoa, wageuzie redio mlangoni. Ongeza sauti. Wazee, vueni kofia. Huyu hapa mzee Randriamihaja, kwa kinywa chake.

"Ba... Bakoly. Dada yangu. I... ingia. Ingia. Kwa mama."