Kilembwe Hakuulizwa

Benchi lenyewe ni ubao mmoja juu ya matofali, nje ya kibanda cha Soli, fundi viatu. Kila jioni Breki, dereva mstaafu, huketi hapo na birika lake la kahawa, akijua kila jambo la dunia hii isipokuwa yale yanayomhusu. Jioni hiyo Jedwali, anayeshughulikia kompyuta za karakana ya miguu ya bandia, alifika amenywea, akapokea kikombe asikinywe. Mchana alikuwa amegundua kwamba miguu ya watoto, ambayo mashine ilisema imekwisha, ilikuwa kwenye rafu muda wote.

— Wezi hao, Breki alikata shauri. Waliificha, wakaona kelele zimezidi, wakairudisha.

— Hakuna mwizi, Jedwali alisema. Ni swali nililoiandikia mashine.

— Swali linaficha mguu?

— Sikilizeni. Mle ndani vitu vimepangwa kama ukoo. Mzee wa ukoo ni Viungo. Mwanawe, Miguu. Mjukuu, Chini ya Goti. Kitukuu, Kushoto. Kila mmoja kaandikiwa mzazi wake tu. Mzazi hana habari na watoto. Ukitaka ukoo mzima, lazima uulize: nani kamtaja huyu kuwa mzazi wake? Na hao nao, nani kawataja?

— Mbona rahisi, alisema Soli, msumari mdomoni.

— Mimi niliuliza mara tatu, nikaishia kwa kitukuu. Baadaye chini ya Kushoto wakaongeza Watoto. Kilembwe huyo. Hakuna aliyemuuliza.

Breki akapiga paja.

— Si nilisema! Mashine zinaonea wadogo. Ndiyo maana simu yangu haipokei salamu za wajukuu. Imekata kizazi kizima!

— Wajukuu hawakupigii, Breki, usiisingizie simu, Soli alisema. Mimi naona huyo mzee wa ukoo kamkana kilembwe. Zipo familia hizo. Mtoto yupo nyumbani, kula haitwi.

— Na kilembwe akiandikwa kuwa baba wa huyo mzee je? Breki aliuliza. Mashine itazunguka mpaka iungue, mji mzima giza!

— Hilo nimeliziba, Jedwali alisema, na hakucheka. Sasa swali linateremka lenyewe, kizazi baada ya kizazi, mpaka asipatikane mwana.

— Basi yamekwisha, Breki alisema. Bosi wako anajua?

— Bado.

— Nyamaza. Umeshatengeneza, unatonesha kidonda cha nini?

Jedwali alitamani sana kukubali. Kesho angeingia kazini kama kawaida, mashine ikajibu sawasawa, na hakuna ambaye angemnyooshea kidole. Alijionea aibu kwa jinsi wazo hilo lilivyomtuliza.

Mama mmoja alikuwa amesimama kando akisubiri, kiatu kidogo mkononi. Akampa Soli.

— Kipanue, fundi. Kinambana.

— Cha pili kiko wapi, mama?

— Mwanangu anavaa kimoja.

Soli akautoa msumari mdomoni. Mama akamgeukia Jedwali, bila hasira.

— Nimewasikia, kaka. Mwanzo wa mwaka tulikuja pale karakana, foleni nzima ya kina mama. Tukaambiwa hakuna. Sasa sisi tuliorudishwa, tumeandikwa wapi ili mtuite?

Jedwali alipekua kichwani kila kitu alichokuwa ameitengenezea mashine ile: vilivyoingia, vilivyotoka, waliopewa. Mahali pa waliokosa hapakuwepo. Hakuwahi kupafikiria.

Akamtazama Breki. Breki alikuwa ameinamisha birika juu ya kikombe, na halikutoa kitu.

— Anakosa mguu upi? Jedwali aliuliza.

— Wa kushoto. Ila amekua, kaka. Mama akaonyesha kiatu mikononi mwa Soli. Ule uliokuwepo siku ile, sijui kama bado utamtosha.

Soli akakiingiza kiatu kwenye kalibu, akaanza kukipanua polepole.