Kipele Chekundu cha Wakili

Ndugu waombolezaji, mtuwie radhi sauti ikikatika. Historia hii inasomwa na mjomba wa marehemu, tabibu wa zahanati ya hapa mtaani.

Marehemu, ambaye sote tulimwita Wakili kwa jinsi alivyokuwa hashindwi kwa maneno, alizaliwa Jumanne tarehe 3 Mei 2011, akiwa mtoto wa pekee wa fundi cherehani, dada wa tabibu huyo. Alianza darasa la kwanza Januari 2017, akawa kiranja, na kwa upande wa kazi, aliwapokea wateja wa mama yake na kuwapangia siku ya kuchukua nguo, na ole wake aliyekuja kabla. Ndoa na watoto hakujaliwa kufika huko.

Machi 2021 aliota kipele chekundu kwenye muundi wa mguu wa kulia, laini, kisichouma, kilichotoa damu kila kilipoguswa na soksi. Tarehe 16 mjomba wake alikikata, na badala ya kukitia kwenye kichupa kipelekwe maabara, alikitupa kwenye ndoo ya taka, kwa kuwa saratani ya ngozi aliijua kuwa nyeusi, tena ya watu wazima, wala hakujua kwamba kwa watoto, mara chache, huja na wekundu wa kidonda kinachopona. Mama alipouliza majibu, aliambiwa ni safi, akashukuru, akalala usingizi.

Julai kipele kilirudi, Septemba ukatokea mtoki kinenani, mama akaambiwa utanywea wenyewe, haukunywea. Novemba hospitali kubwa ilipima, ikasema ni melanoma, saratani hiyo ya ngozi, daktari bingwa akaomba kinyama cha kwanza, mjomba akajibu kwamba maabara ilikipoteza. Marehemu alipasuliwa, akatolewa tezi za kinena, akachomwa dawa za kuamsha kinga ya mwili kwa miezi kumi na minne, hadi ugonjwa ulipofika kwenye mapafu. Alifariki Jumapili tarehe 11 Juni 2023, saa nne asubuhi, mama yake akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari, wauguzi, walimu, majirani waliopokezana kufua mashuka, na mafundi waliomshonea mama kazi zake.

Mjomba asishukuriwe. Marehemu alikiona kipele kikitupwa, akalinyamazia jambo hilo miaka miwili, na wiki yake ya mwisho alimwambia mjomba kwamba yeye hatamsemea, akaseme mwenyewe, mbele za watu. Dada, nilikitupa mimi, na majibu niliyokupa hayakuwapo.

Pumzika kwa amani, Wakili.